Baba kakataa chanjo, mama mdogo ndo analea, na mtoto ana ulemavu wa akili. Nani anasaini?

Swali, nimelifupisha na kuondoa majina: "Shikamoo dokta. Niko Mwanza, namlea mtoto wa marehemu dada yangu, wa kike, ana miaka 12, ana ulemavu wa akili na kifafa, yuko kitengo cha elimu maalum shule ya msingi. Shule wameleta barua ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, imeandikwa mzazi asiyetaka ndo alete maandishi. Baba yake yuko machimbo huko Geita, nimempigia kasema asichomwe, kwanza inaharibu kizazi, pili huyu nani atamuoa, hiyo saratani ataipatia wapi. Mwalimu wa kitengo nae anasema watoto wake hawaingii foleni mpaka mzazi aje mwenyewe. Dada wa zahanati kaninong'oneza mlete tu kimya kimya, baba atajulia wapi. Je nina haki? Na mtoto akigoma nimshike?"

Marahaba dada. Jibu fupi kwanza maana naona una presha: kumpeleka unaweza, sheria inakutambua wewe unaekaa nae, ila usimpeleke kimya kimya na usimshike kwa nguvu. Hapo kwenye kimya kimya na kwenye nguvu najua wengi watanibishia, hasa wenzangu wa zahanati, kwahiyo ndo nitakapokaa zaidi.

Lakini naanza na hilo la "nani atamuoa" maana limeniuma, na kwa maoni yangu ndo kosa kubwa kuliko hata lile la kizazi. Kirusi cha HPV, ndo kinacholeta saratani hii, hakisubiri mtu atolewe mahari. Kinaambukizwa kwa ngono, na kwa mtoto kama huyu ngono mara nyingi haiji kwa njia ya ndoa, inakuja kupitia mtu anaemjua, jirani, bodaboda anaempeleka shule, ndugu wa humohumo ndani, mtu aliyeshapiga hesabu kwamba huyu hata akisema hataeleweka na akieleweka hataaminiwa. Sikutishi dada, hili linajulikana dunia nzima kwamba watoto wenye ulemavu, hasa wa akili, wanafanyiwa ukatili wa kingono kuliko wenzao. Kwahiyo hoja ya shemeji ukiifuata mpaka mwisho inakupeleka pengine kabisa, kwamba huyu ndo alitakiwa awe wa kwanza foleni. Na tukiwa hapohapo, nani anamrudisha kutoka shule? Chanjo inamlinda na kirusi tu, na watu haimlindi, hilo la kumrudisha liangalie hata kama chanjo asingeipata kabisa.

Halafu fikiria akiwa na miaka 35. Kwetu hapa mwanamke kuanzia miaka 30 anaambiwa akapime mlango wa kizazi, na kile kipimo unakijua, unalala kitandani, unapanua miguu, unaingiziwa kile chombo cha kufungulia, unapakwa siki wanaangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Kwa mwanamke anaejielewa tu ni mtihani, wengi wanakimbia. Asa kwa mtu asiyeelewa kwanini mgeni anamvua nguo, mara nyingi hakifanyiki kabisa, familia inaona ya nini kumtesa. Na huu ugonjwa unagundulika kwa mtu kusema, natokwa damu katikati ya mwezi, kiuno kinauma, natoa uchafu unanuka. Yeye nani atamsemea? Wewe mwaka huo utakuwa na umri gani? Yani milango yote ya mbele ya kumkinga au kumuwahi kwake ni myembamba, uliobaki wazi ni huu wa sindano moja sasa hivi. Tanzania kwa makadirio ya mwaka 2020 wanawake zaidi ya 10,000 kwa mwaka wanapata saratani hii na zaidi ya 6,000 wanakufa nayo, wengi wanafika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imeshasambaa, na hao ni wale wanaoweza kujieleza.

Haya, la kizazi. Usimcheke shemeji na usimwambie hajasoma. Watu wana sababu za kuogopa sindano za bure, na sababu nyingine ni za kweli kabisa. Mwaka 1996 kule Kano Nigeria kulikuwa na mlipuko wa uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ikaenda kujaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto, kama 200 hivi waliingizwa, nusu dawa hiyo nusu ya kawaida, watoto 11 walikufa na familia zikasema hazikuambiwa kama ni majaribio. Kesi zilienda miaka mpaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 kwa jimbo la Kano. Katikati hapo, 2003, Kano hiyohiyo ikagomea chanjo ya polio kwa maneno hayahayo ya kuharibu kizazi, na polio ikatoka Nigeria ikarudi kwenye nchi zilizokuwa zimeshaisahau. Ile ya polio ilikuwa uzushi, lakini uzushi ulikuta kidonda kibichi. Kenya nako 2014 maaskofu wa Kikatoliki walisimama dhidi ya chanjo ya pepopunda ya kina mama wakidai ina homoni ya kuzuia mimba, Wizara, WHO na UNICEF wakakanusha, na mpaka leo mtu akitaka kukutisha kuhusu chanjo yoyote ile Afrika Mashariki anakutumia klipu ya wakati ule.

Kisa cha India ndo kinakuhusu zaidi, na nakieleza kwasababu kinagusa moja kwa moja swali lako la nani anasaini. 2009 kulikuwa na mradi wa chanjo hii hii ya HPV kwenye majimbo ya Andhra Pradesh na Gujarat, maelfu ya wasichana, wengi wa familia maskini na wengine wanakaa bweni. Wasichana saba wakafariki katika kipindi kile, 2010 serikali ikasimamisha mradi. Uchunguzi ulipofanyika, vifo havikuonekana kuletwa na chanjo, mmoja alizama kwenye maji, mwingine aliumwa na nyoka, wapo waliokunywa dawa ya wadudu. Sasa mtu angesema basi yameisha. Hayakuisha, maana walipofungua mafaili wakakuta fomu nyingi za ridhaa zimesainiwa na walezi wa mabweni, mtu mmoja anasainia mabinti wa bweni zima, wazazi huko vijijini hawana habari. Kamati ya bunge 2013 iliwashukia vibaya. Chanjo ilikuwa salama lakini namna ya kuitoa ilikuwa mbovu, na ubovu ule uliigharimu chanjo yenyewe miaka mingi. Ndomana dada wa zahanati akikwambia kimya kimya mi nashtuka, hata kama nia yake ni njema.

Kuhusu chanjo yenyewe mwambie shemeji hivi: ndani hakuna kirusi, hai wala mfu, kuna protini ya ganda lake tu, iliyotengenezwa maabara ili mwili uifahamu sura. Homoni hamna. Inatumika duniani tangu 2006, wasichana wa mwanzo leo ni mama wa watoto. Scotland walitoa ripoti Januari 2024, wakaangalia wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, hawakukuta hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Kama anasema hayo ni ya wazungu, mwambie hata hapo Mwanza mnapokaa wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14 walifuatiliwa na NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, pamoja na watafiti wa London kuanzia 2017, wakilinganisha dozi moja, mbili na tatu, na dozi moja iliacha kinga kwenye damu ya karibu wote. Kenya walifanya wa kwao kwa mabinti wa miaka 15 mpaka 20, Kisumu, Thika na Nairobi, dozi moja ikazuia aina mbili mbaya zaidi za kirusi kwa zaidi ya asilimia 95 ndani ya mwaka na nusu. Ndo kisa cha WHO kukubali dozi moja mwishoni mwa 2022, na Tanzania ikahamia huko Aprili 2024, mabinti wa miaka 9 mpaka 14. Kwahiyo habari ya kuchomwa mara mbili mara tatu uliyoisikia zamani imekwisha, isipokuwa kwa kundi moja nitalisema chini.

Nani anasaini. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 4 kinataka maslahi bora ya mtoto yatangulie kwenye kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 8 kinampa wajibu mzazi, mlezi, au mtu yeyote anaekaa na mtoto, kumpatia chakula, malazi, mavazi, matibabu, na chanjo imetajwa kwa jina lake humohumo. Mtu yeyote anaekaa na mtoto ndo wewe dada. Angalia kilivyoandikwa, ni wajibu juu ya mkubwa, na mwenye haki ni mtoto. Shemeji anaongea kana kwamba ruhusa ni mali yake anaweza kuitoa au kuinyima, na wewe pia unaniuliza kama una haki kana kwamba mnagombania kiwanja. Wote wawili mna kazi ya kumfanyia yeye, tofauti ni kwamba wewe uko nae kila siku, unajua akiamka anakuaje, dawa gani inamlewesha, kwahiyo neno lako lina uzito hata kama baba ni baba. Sisemi baba hana neno. Analo, na nitakwambia hapa chini mpaka wapi.

Hiyo barua ya shule nayo ina kituko. Kwa watoto wengine ukinyamaza maana yake umekubali, kwa watoto wa kitengo ukinyamaza maana yake umekataa. Shule moja, geti moja, kanuni mbili! Mi sina shida sana na utaratibu wa asiyetaka aandike kwa chanjo ya kawaida ya taifa, ilimradi barua imefika kweli na imeeleweka, sio imekaa chini ya begi mpaka kampeni imepita. Shida yangu ni kuwageuzia hawa. Mwalimu namuelewa, anaogopa mtoto akianguka kifafa jioni ile yeye ndo ataulizwa, hakuna aliyemfundisha, na hofu yake haina ubaya. Nenda kamuone, mpe maandishi kwamba mtoto atachanjwa kituoni ukiwepo wewe, atapumua. Ila kama kuna mzazi mwingine wa kitengo unamfahamu mwambie nae, maana nina wasiwasi nusu ya wale watoto watakosa kwasababu tu hakuna aliyewaulizia.

Sasa kimya kimya. Wenzangu watasema dokta unazunguka, mtoto apate chanjo, baba asijue, nani kaumia? Jibu langu liko kwenye muda. Huyu ana miaka 12, nafasi yake ipo mpaka kabla hajatimiza 15. Ingekuwa kang'atwa na mbwa leo mchana na baba anakataa au simu haipatikani, ningekwambia osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na kimbia hospitali, baba atajua baadae, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna tena cha kufanya. Malaria na degedege vivyo hivyo, damu ya kuongezewa vivyo hivyo, hapo hatusubiri ridhaa ya mtu. Chanjo hii haiko kundi hilo. Ukiwa na muda na ukachagua kuficha, unatumia uongo mahali ambapo maneno yangetosha. Na utagundulika tu. Mtoto mwenyewe atasema "sindano" akiongea na baba yake kwenye simu, hajui kutunza siri na hatakiwi kufundishwa kutunza siri za mwili wake. Hilo la mwisho naomba ulishike sana: mtoto huyu tunataka ajue kwamba chochote mtu anachomfanyia mwilini anaruhusiwa kukisema nyumbani. Ukimwambia "usimwambie baba" umempa somo baya kuliko yote, maana hayohayo ndo maneno atakayoambiwa na yule mtu wa bodaboda.

Kwahiyo fanya hivi. Mpigie shemeji jioni akiwa ametulia, sio akiwa shimoni, na usianze na kirusi, anza na mtoto, habari zake, anaendeleaje. Halafu muulize anaogopa nini hasa. Unaweza kukuta hofu yake ni kwamba likitokea jambo yeye yuko mbali na ndugu watamlaumu, au kasikia kwa wenzake tu huko. Kama kuna mtu anaemsikiliza, mara nyingi ni mama yake, bibi wa mtoto, pitia huko. Lile la ukatili wa kingono usilirushe kwenye simu kama kombora, baba yeyote akisikia binti yake anaweza kubakwa atalipuka na mazungumzo yataisha, mwambie tu akikua kupimwa itakuwa shida na kujieleza itakuwa shida, hiyo inatosha. Mpe nafasi aongee na nesi mwenyewe kwa simu akiwa anataka.

Mpe mwezi, miezi miwili. Akiendelea kukataa bila sababu inayomhusu mtoto, nenda kwa afisa ustawi wa jamii kwenye kata au halmashauri, mweleze, awaite mkae. Baada ya hapo mwambie shemeji waziwazi, tarehe fulani asubuhi nampeleka kituo fulani, ukitaka uje. Yani unampinga ukiwa unamtazama. Hapo ndo mwisho wa neno lake kwa maoni yangu, ana haki ya kuambiwa, kusikilizwa, kujibiwa, ila sio ya kumnyima mtoto kinga kwasababu haoni kama ataolewa.

Kuna hali moja ningekwambia usubiri hata kama una haki. Kama unamjua shemeji na unaona kweli akisikia atakuja kumchukua mtoto ampeleke huko machimbo ambako hakuna wa kumpa dawa za kifafa wala shule ya kitengo, basi punguza mwendo. Kumpoteza mlezi anaemjua ni hasara kubwa kuliko kuchelewa chanjo mwaka mmoja. Mwambie afisa ustawi hofu hiyo mapema, kabla hujatangaza tarehe.

Nimebakiza mtoto mwenyewe, ambae kwenye barua yako ndefu katajwa kama wa kushikwa tu. Kifungu cha 11 cha sheria ileile kinasema mtoto anaeweza kuwa na maoni asinyimwe kuyasema na kushirikishwa kwenye maamuzi yanayomhusu, hakijasema isipokuwa mwenye ulemavu. Hawezi kusaini, sawa, na hawezi kuelewa saratani ya miaka 30 ijayo, hata wa darasa la saba mwenye akili timamu haelewi. Lakini anaelewa sindano, anaelewa mkono, anaelewa leo na kesho, anaelewa mama mdogo atakuwepo. Siku mbili tatu kabla omba kituoni bomba la sindano lisilo na sindano, mchezee mkononi kwako, kwenye mwanasesere, mwishoni kwake, mwambie "hapa, moja, inauma kidogo, inaisha". Usimwambie haiumi, akikuta inauma umemaliza imani yake na kila nesi atakaekuja. Mvalishe nguo ya mikono mifupi, sio ya kuvuliwa mbele za watu. Mpeleke siku ya kawaida asubuhi mapema na omba awe wa kwanza, maana foleni ndo inawatisha hawa watoto, kuwasikia wenzao 10 wakilia mbele yao.

Kuhusu kumshika kuna kushika na kushika. Ukimpakata, mkono wako mmoja umezunguka kiuno, kichwa kimeegemea begani kwako, mkono wake umetulizwa na wewe mwenyewe asije akaruka sindano ikamchana, hiyo ni kumsaidia. Walimu wanne, mmoja kila mguu na mkono, mtoto anapiga kelele na anajikojolea, nimewahi kuiona, na chanjo iliingia kweli, ila yule mtoto baada ya hapo hata kupimwa joto ilikuwa vita. Kwa mtu atakaehitaji hospitali maisha yake yote hilo ni deni kubwa. Akikaza mkono akageuka ukutani akisema hapana, mpe dakika kumi, jaribu mara ya pili, akikataa tena rudini nyumbani mje wiki ijayo. Muda upo. Mara nyingi ya pili au ya tatu anatoa mkono mwenyewe.

Ya kitabibu machache. Kifafa sio kizuizi cha chanjo hii. Asubuhi hiyo anywe dawa zake kama kawaida na ale, usimuache na njaa ukidhani ni kama kipimo cha damu. Mwambie nesi kabla, maana mabinti wa umri huu huwa wanazimia baada ya sindano yoyote kwa woga tu, na akizimia anaweza kurusharusha mikono sekunde chache, watu wakapiga kelele kifafa, chanjo imeleta kifafa, na jioni mtaa mzima unajua. Achomwe amekaa au amelala na abaki hapo dakika 15 akiangaliwa. Mkono utauma siku moja mbili, homa kidogo inawezekana. Aliyewahi kupata mzio mkali wa chanjo asichomwe bila daktari kumuona, na mjamzito anasubiri ajifungue.

Na lile kundi nililoahidi, hili namwambia kila mlezi sio wewe tu: mtoto aliye CTC, yani kliniki ya wanaoishi na VVU, dozi moja haimtoshi, WHO inashauri angalau mbili na ikiwezekana tatu, ila jambo hilo linasemwa kwa nesi wa CTC chumbani, sio kwenye meza ya shule mbele ya mwalimu na watoto wenzake. Akishachomwa hakikisha wamemwandikia kadi na tarehe, ipige picha, na umtumie baba yake siku hiyohiyo.